Mikataba ya mikopo kwa Kiingereza: mama zetu wanasainishwa wasichokielewa, na hawa watu wanajua!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mama mdogo anauza vitenge Tandika, Dar es Salaam. Alikopa milioni moja ya miezi 12 kupitia kikundi cha wanawake watano. Mwenzao mmoja kahama mtaa, simu kazima. Sasa maafisa mikopo hawabanduki kwa mama mdogo, wanataka alipe na deni la yule, friji lake wameshaliandika kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Nikaomba mkataba niusome. Kurasa saba, Kiingereza kitupu. Kiswahili kiko sehemu moja tu, mwisho kabisa: "Weka dole gumba hapa."

Kifungu cha udhamini kimeandikwa "jointly and severally". Yaani kila mmoja anabeba deni lote la kikundi, si fungu lake tu, na mkopeshaji anaweza kumwacha aliyekimbia akamkaba yeyote aliye karibu. Mama mdogo aliambiwa kwa mdomo kwamba ni kudhaminiana tu, mambo ya kawaida.

Njooni kwenye riba sasa. "3% flat per month". Nani ataogopa asilimia tatu? Lakini hiyo "flat" maana yake riba inapigwa kwenye milioni nzima kila mwezi, hata deni likiwa limekaribia kuisha. Mwezi wa 12 msingi uliobaki ni kama 83,000, na bado anatozwa riba ya 30,000! Jumla anarudisha 1,360,000. Asilimia hiyo hiyo ingepigwa kwenye deni linalobaki, ile wanayoiita "reducing balance", angerudisha kama 1,205,000 hivi. Laki moja na nusu ya mjane imepita hapo katikati. Na bado kuna "processing fee", yaani ada ya kushughulikia mkopo, waliyoikata kabla hajakabidhiwa hela, kwa hiyo analipia riba hata pesa ambayo hakuishika.

Ukiwauliza wanajibu, "Alisaini mwenyewe." Alisaini nini? Tangazo lao la redioni ni Kiswahili. Afisa akija kumshawishi anaongea Kiswahili, akija kumdai anafoka kwa Kiswahili. Kiingereza kinatolewa siku ya kusaini tu. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Kama hakimu anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, mkopeshaji wa Tandika anashindwaje kuandika kurasa saba?

Ninachotaka si kikubwa. Ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: unapokea shilingi ngapi mkononi, unarudisha ngapi jumla, na mwenzako akitoroka utadaiwa nini. Mtu apewe nakala akalale nayo nyumbani kabla ya kuweka dole.

Wenye mikataba ya namna hii, fichani majina yenu, bandikeni hapa karatasi ya marejesho tuipigie hesabu pamoja. Na kama kuna mwanasheria humu, friji la mama mdogo wana haki ya kulibeba bila amri ya mahakama?