MREJESHO: Kibali cha ujenzi kilichokwama halmashauri kimetoka

Wakuu, niliwauliza nifanyeje na ombi langu la kibali cha ujenzi, ambalo kila nikifuatilia naambiwa "linashughulikiwa". Kibali kimetoka, nashukuru sana.

Kilichosaidia ni ushauri wa kuacha kuuliza "lini" na kuuliza "faili liko kwa nani". Niliandika barua, nikabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kumbe mipango miji walishamaliza kazi yao. Michoro ilikuwa inasubiri maoni ya zimamoto, na barua ya kuyaomba haikuwahi kutumwa. Ilikuwa imebanwa ndani ya jalada, imesainiwa, haina hata kumbukumbu namba. Afisa aliyeiona aliituma siku hiyohiyo.

Mliouliza kuhusu muda wa kisheria wa halmashauri kutoa uamuzi: sehemu nyingi hesabu huanza ombi likishathibitishwa kuwa limekamilika, si siku unapolikabidhi. Kwa hiyo dai uthibitisho huo kwa maandishi mapema. Kule England ombi la kawaida la ruhusa ya kuendeleza eneo (planning permission) lina wiki 8 na kubwa kwa kawaida wiki 13. Zikipita bila uamuzi, mwombaji anaweza kukata rufaa. Natamani kila halmashauri ibanwe hivyo, maana ukimya unaumiza kuliko kukataliwa.

Kwa aliyekwama kwenye kubadili matumizi ya ardhi, lako huenda linasubiri kikao cha kamati. Uliza tarehe ya kikao, na uulize pia siku ya mwisho ya kuingiza ajenda, kwa sababu ikikupita unasubiri kikao kingine.