Maji ya tenki yananuka plastiki, barafu ndo balaa

Wadau, tuna gari la kulala safarini, tunatoka Kampala kwenda mbuga ya Kidepo, maji ya tenki yana ladha ya plastiki, hata barafu ukitia kwenye juisi inaharibu kabisa. Nifanyeje?

— Unajaza na mpira wa bustani? Huo ndo mchawi ssebo, tafuta wa maji ya kunywa. Halafu tenki la lita 60 tia jiki isiyo na manukato mililita 60, jaza maji, fungua mabomba mpaka uisikie harufu, acha usiku kucha, mwaga, suuza wee.

— Chujio la mkaa linatoa klorini, ila vijidudu haliui, ya ziwani chemsha.

— Barafu funika! Yangu ilinuka mukene (dagaa) wiki nzima 😂