Muuguzi wa kaunti kuwania uwakilishi wa wodi

Swali: Ndugu zangu, mimi ni muuguzi katika zahanati ya kaunti hapa Kenya na ninakusudia kuwania kiti cha wodi yetu mwaka 2027. Je, ni lazima niache kazi?

Jibu: Ndiyo, dada, kwa kuwa Kifungu cha 193 cha Katiba ya 2010 kinamzuia afisa wa umma kuchaguliwa kuwa mjumbe wa bunge la kaunti, panga mapema namna utakavyoishi bila mshahara.

Jibu: Usife moyo. Bunge hilo ndilo linaloidhinisha bajeti ya zahanati na magari ya wagonjwa, na aliyewahi kumzalisha mama kwa mwanga wa simu anajua ni fedha zipi zisipunguzwe kamwe.

Muulizaji: Nashukuru, nitaanza kuweka akiba.