Tupeane uzoefu: Wiki chache ng'ambo zilikifanyia nini Kifaransa chako, Kichina chako, au lugha yoyote uliyokuwa ukijifunza?

Msomi wa Kimara
Ndugu wanajamvi, nilisoma Kifaransa chuoni kwa miaka miwili kabla ya kupata nafasi ya kwenda Vichy, Ufaransa, kwa wiki nne. Niliondoka nikijihesabu mtu wa B1, yaani kiwango cha kati cha kuijua lugha, kwa kuwa mtihani ulisema hivyo. Asubuhi ya kwanza nilimwuliza mama mwenye nyumba basi linapita saa ngapi, naye akanijibu kitu nilichokisikia kama "shepa". Nililitafuta neno hilo kwenye kamusi njia nzima kwenda darasani bila mafanikio. Kumbe alikuwa amesema "je ne sais pas", yaani "sijui", sentensi niliyoifahamu tangu mwezi wa kwanza wa masomo; ila wenyewe wakiwa nyumbani huitupa "ne" na kuyagandamanisha maneno yaliyobaki.

Kufikia wiki ya tatu sikio lilikuwa limefunguka, na nilikuwa nikijibu bila kuitunga kwanza sentensi kichwani kwa Kiswahili. Sarufi, kwa upande wake, ilirudi Dar es Salaam kama ilivyoondoka: hadi leo ninaweka "le" panapotakiwa "la". Ninaomba waliowahi kusafiri kwa muda kama huo waeleze ni kipi kilichopanda na kipi kilichobaki palepale.

Mtoto wa Kigoma
Mimi niliona Ufaransa ni mbali na ghali, nikaenda Bujumbura kwa wiki sita. Kosa langu lilikuwa kufikia kwa shangazi yangu mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kibarazani, ya dukani na ya ugomvi. Darasani nilizungumza Kifaransa kwa saa tatu. Nikitoka nje ya geti, muuza maandazi ananiita kwa Kiswahili safi kuliko changu. Wenye asili ya vijijini walipokuwa wakizungumza wao kwa wao, ilikuwa Kirundi. Kifaransa nilikipata benki, kwenye ofisi za serikali na kwa wanafunzi wenzangu, basi nikawa ninabuni safari za benki zisizokuwa na sababu.

Hata hivyo sikurudi mikono mitupu. Nilijifunza kuhesabu kwa haraka, ila kwa namna ya huko, ambako 70 ni "septante" na 90 ni "nonante", urithi wa Wabelgiji. Niliporudi darasani nikasema "septante", wenzangu wakacheka, hadi mwalimu alipowaeleza kuwa Warundi, Wakongo na Wabelgiji wenyewe ndivyo wahesabuvyo.

Binti Mbezi
Wiki tano, Jinhua, mkoa wa Zhejiang, China. Maana ya neno la Kichina huamuliwa na toni, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka: "mai" ya toni ya tatu ni kununua, "mai" ya toni ya nne ni kuuza. Nilisimama mbele ya mama wa matunda nikamtangazia kwa kujiamini kwamba ninauza machungwa, naye akatazama mikono yangu mitupu, kisha mizani yake, akaniuliza yako wapi. Sijaikosea tena toni hiyo, wala sidhani kama karatasi ya mazoezi ingenifunza hivyo.

Lakini niwe mkweli: kulipa kwa simu kuliniponza. Unaskani, unaonyesha kidole, unaondoka, na siku nzima inaweza kupita bila kutamka sentensi hata moja. Kwa upande mwingine wazee wa pale walikuwa wakizungumza lahaja yao, ambayo nilikuwa siambulii hata neno.

Wa Eldoret
Wiki tatu Ujerumani, Wakenya kumi na wawili katika bweni moja. Kiswahili changu kiliimarika sana.

Mwalimu wa Ng'ambo
Niruhusuni niseme kutoka upande wa pili, maana nyumbani kwetu hapa Unguja tumewapokea wanafunzi wa Kimarekani na wa Kizungu wanaokuja kujifunza Kiswahili kwa wiki sita au nane. Akija mmoja peke yake, katika wiki ya pili tayari anabishana na watoto wangu. Wakija wawili, wanakula, wanashukuru, kisha wanazungumza Kiingereza chumbani hadi usiku. Mjini nako wana kazi, kwa sababu papasi, vijana wanaowaandama watalii mitaani, huwaamkia "jambo" na kuendelea kwa Kiingereza, hivyo mgeni hulazimika kukipigania Kiswahili.

Ninachokiona kikibadilika mapema zaidi ni adabu ya lugha. Huwasili wakisema "nataka maji", sentensi isiyo na kosa lolote la sarufi, na mama yangu mzazi hukunja uso kana kwamba ameamrishwa. Siku chache baadaye wanasema "naomba maji", na "shikamoo" inatoka kabla hawajaketi. Ngeli hazinyooki kwa wiki nane. Kuna binti mmoja aliyeondoka akizungumza vizuri mno. Baada ya mwaka alimpigia mama simu, akasema "shikamoo bibi", kisha akanyamaza muda mrefu akitafuta maneno, akaomba radhi kwa Kiingereza.

Msomi wa Kimara
Mwalimu, hilo la simu limenigusa. Mama wa Vichy bado hunitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili. Mwezi ule niliorudi nilikuwa ninausikiliza mara moja na kujibu papo hapo. Huu ni mwezi wa nne. Ule wa juzi niliurudia mara tatu, na kuna neno moja katikati ambalo mpaka sasa sijalipata.