Dishi la Zuhura: gumzo la kikundi cha ukoo

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Dishi nimeshalifunga kwenye bomba, waya umeingia ndani, king'amuzi kinawaka. Ila TV inaniandikia "Hakuna mawimbi". Mjomba upo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Usiniambie uko juu ya paa.

Zuhura: Niko uani shangazi, bomba nimelichimbia chini 😄

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Hapo uani umefanya la maana, kazi yenyewe ni ya kurudiarudia. Nitumie picha, dishi lionekane lote pamoja na bomba.

Zuhura: 📷 Picha

Baba Mdogo: Tatizo nimeshaliona. Dishi limesimama wima linatazama ukuta. Linyanyue litazame juu, setelaiti haiko ukutani.

Mjomba Hamisi: Hapana kaka, liache hivyohivyo. Hilo ni dishi la umbo la yai, na LNB (kile kichwa cha kupokelea mawimbi mbele ya dishi) imekaa kwa chini, haiko katikati. Madishi ya aina hiyo hata yakisimama wima kabisa huwa tayari yanatazama juu digrii 20 na kitu. Ukilinyanyua kwa kukisia utaipita setelaiti kwa juu. Kwenye bano la nyuma kuna namba zimechongwa, na zimeshazingatia hilo. Tufuate hizo.

Baba Mdogo: Mimi nasema ninachokiona.

Mjomba Hamisi: Kwenye kazi hii macho ni ya kutafutia spana tu 😂 Zuhura, bomba umelipima kwa pimamaji?

Zuhura: Nimelitazama tu, limenyooka.

Mjomba Hamisi: Lipime. Weka pimamaji kwa mbele, kisha ubavuni. Bomba likilala kidogo tu zile namba za bano zinakuwa za uongo. Ukizungusha dishi kulia linapanda lenyewe, ukilirudisha kushoto linashuka, na wewe hujagusa kimo (pembe ya kutazama juu).

Zuhura: Kweli limelalia upande wa mlangoni. Nashindilia mawe.

Rashidi: Mimi niko ndani na rimoti. Kwenye menyu kuna mistari miwili. Nguvu 62, Ubora 0. Nguvu si ipo? Sasa kinachokosekana nini?

Mjomba Hamisi: 🎤 *Ujumbe wa sauti (Rashidi kauandika hapa chini kwa ajili ya wasio na vipokea sauti)*

Rashidi: Mjomba anasema: Nguvu inaonyesha zaidi kwamba LNB inapata umeme na waya ni mzima. Hata dishi likitazama kuku, nguvu inaweza kusoma vizuri. Ubora ndio unaosema king'amuzi kimeelewa kinachopokea. Ameniambia niufunike mstari wa nguvu kwa kiganja nisiuone kabisa.

Shangazi Mwanaidi: Mbona hiyo setelaiti isiwe imeshapita? Si vitu vinavyozunguka dunia hivyo?

Mjomba Hamisi: Inazunguka, shangazi yao, lakini iko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka chini, na inakwenda sawasawa na mzunguko wa dunia. Sisi tukiitazama ni kama imeganda pale pale. Ila kwa umbali huo, dishi likikosea digrii 1 tu, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600. Na jirani zake wako digrii mbili tatu pembeni.

Shangazi Mwanaidi: Basi mwacheni mtoto afanye polepole.

Zuhura: Bomba limenyooka, kiputo kiko katikati pande zote. Sasa nielekeze wapi?

Mjomba Hamisi: Inategemea uko wapi na unaitafuta setelaiti ipi. Walio kaskazini ya ikweta hutazama upande wa kusini, walio kusini hutazama kaskazini, na walio karibu na ikweta yenyewe mara nyingi dishi huangalia juu sana. Pakua programu ya kutafutia setelaiti, chagua jina la setelaiti, iruhusu ijue ulipo. Itakupa namba tatu: uelekeo kwa dira, kimo, na LNB izungushwe kiasi gani shingoni.

Baba Mdogo: Au aangalie dishi la jirani linatazama wapi.

Mjomba Hamisi: Hilo nalikubali, ilimradi jirani anatumia setelaiti hiyohiyo. Mwingine anapokea kutoka kwingine kabisa.

Zuhura: Namba zote tatu ninazo. Dira ya simu inacheza sana lakini.

Mjomba Hamisi: Sogea mbali na bomba, chuma kinaivuta. Simama hatua kadhaa nyuma, chagua alama ya mbali, mti au kona ya nyumba, ndiyo uielekezee dishi. Na angalia kwenye mipangilio kama dira inatumia kaskazini halisi au ya sumaku. Zinatofautiana, sehemu nyingine kwa digrii nyingi tu.

Mjomba Hamisi: Weka kimo kwanza, ukaze. Nati za kuzungushia zilegeze kiasi cha dishi kusogea kwa mkono lakini likiachwa linabaki. Sogeza upana wa ukucha, simama, subiri sekunde chache. King'amuzi ni kizito kusoma, ukienda haraka utaipita kabla hakijasema kitu.

Rashidi: 0

Rashidi: 0

Rashidi: Bado 0

Shangazi Mwanaidi: Pigianeni simu jamani, simu yangu inalia kama kengele.

Zuhura: Mjomba, nimepita upande wote nikarudi. Hakuna kitu.

Mjomba Hamisi: Rashidi, ingia kwenye mipangilio ya dishi. Aina ya LNB imeandikwa nini?

Rashidi: 5150.

Mjomba Hamisi: Hiyo ni ya yale madishi makubwa ya masafa ya C. Zuhura, soma kibandiko cha LNB yako.

Zuhura: 9.75 / 10.6 GHz.

Mjomba Hamisi: Rashidi, weka 9750/10600, ni namba zilezile kwa MHz. Kwa ile namba ya zamani hata dishi lingekuwa sawa kabisa ubora ungebaki 0. Na masafa ya kutafutia, kasi ya simboli (kasi ya kutuma data) na H au V (mawimbi ya kulala au ya kusimama) viwe vya setelaiti hiyo, visiwe vilivyokuja na king'amuzi.

Zuhura: Naanza tena kutokea kushoto.

Rashidi: 31!!!

Rashidi: Imepotea. Rudi kidogo

Rashidi: 33

Mjomba Hamisi: Usikaze bado! Sogeza kushoto mpaka ianze kushuka, kisha kulia mpaka ishuke, halafu rudi katikati. Ukimaliza fanya hivyohivyo juu na chini. Mwisho zungusha LNB shingoni, taratibu.

Rashidi: 58 ... alipogusa LNB imefika 74.

Zuhura: Nikisimama mbele inashuka, au naota?

Mjomba Hamisi: Huoti, unaziba mawimbi. Fanyia kazi kwa nyuma. Kukaza, zungusha nati moja kidogo, hamia ya pili, urudi ya kwanza. Ukiimaliza moja peke yake inalivuta dishi.

Rashidi: Amekaza, iko 73. Natafuta chaneli... zinaingia!

Mjomba Hamisi: Hakikisha majina ya chaneli ni ya setelaiti uliyoitaka. King'amuzi kinaweza kunasa ya jirani na ubora ukapendeza tu. Zikiwa zenyewe, chora mstari wa wino kwenye bano na bomba, likisukumwa na upepo utajua pa kulirudisha.

Baba Mdogo: Na mvua?

Mjomba Hamisi: Mvua kubwa inameza mawimbi haya, picha itakatakata halafu irudi. Ukianza na ubora wa juu unapoteza dakika chache. Ukianza na 31 hata wingu zito linakunyima. Zuhura, koneksheni ya LNB ifunge kwa utepe wa mpira, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke pale, yasiufuate hadi kwenye TV.

Rashidi: Mjomba, naweza kugawa waya huu niweke king'amuzi cha pili chumbani?

Mjomba Hamisi: Kwa kigawanyio cha kawaida mtagombana. King'amuzi huchagua H au V kwa kuipa LNB volti 18 au 13, sasa viwili vikiomba tofauti kwa waya mmoja, kimoja kinakosa. Tafuta LNB yenye matundu mawili, kila king'amuzi na waya wake.

Shangazi Mwanaidi: Ya chumbani baadaye. Ile ya tamthilia imo?

Zuhura: Imo shangazi, namba 14 😂 Rashidi, king'amuzi kizime kwanza, nataka kuchomoa waya huku nifunge huo utepe.