Pasta anastaafu na anataka niandike ile miaka imani yake ilikauka. Niandike ama niwache?

Karani_Eastlando

Watu wangu niko na swali, naomba mnijibu kama watu wazima. Pasta wetu wa Baptist huku Eastlands anastaafu mwezi ujao baada ya miaka 31 kwa kanisa hilohilo moja, na kwa sababu mimi ndio naandikanga minits za mikutano nimeangushiwa kazi ya wasifu wake, kurasa mbili, za kuwekwa kwa programu ya ibada ya kumuaga. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Alizaliwa, akaokoka, akaitwa, akaoa, akajenga kanisa kutoka mabati mpaka mawe, amina.

Jumamosi nikaenda kwake na kadaftari. Mzee akanimiminia chai, akatoa ile Biblia yake imeshikwa na seloteipu mgongoni, ndani ya jalada ameandika kwa kalamu majina ya wale wote amewahi kubatiza, herufi ndogondogo mpaka zimepanda juu ya ramani ya Palestina. Tukacheka sana juu ya ile Jumapili mgao wa maji ulitupata, tangi la ubatizo likajaa mpaka magotini tu, na si mnajua sisi Wabaptisti lazima mtu azame mzima, basi akawaambia wakae chini kama watoto kwa karai halafu akawalaza mmoja mmoja. Kuna jamaa kiwiko kilibaki nje, akarudishwa ndani.

Halafu akanyamaza. Akasema, "Andika pia kuna miaka minne nilihubiri kila Jumapili na ndani nilikuwa sisikii kitu. Naomba ni kama naongea na ukuta. Kama hutaandika hiyo, hata hizo zingine wacha." Hiyo ilikuwa baada ya kuzika kijana wao wa pili. Nikaandika vile alisema. Sasa komiti imesoma, wazee wanasema hiyo aya itoke, ati kutakuwa na wageni, na vijana watauliza kama pasta mwenyewe alikuwa hivyo sisi tutasimama wapi. Programu inaenda River Road kuchapwa Alhamisi. Nifanye?

Buda_wa_Umoja

Toa. Programu si mahali pa kuungama, hayo angeongea na wachungaji wenzake. Watu hukumbuka kitu moja tu kuhusu pasta, alikuja kwa matanga yenu ama hakukuja. Na badala ya kubishana juu ya aya moja ulizeni komiti bahasha ya mzee itakuwa na nini, juu kanisa la Baptist linajitegemea, hakuna askofu atawatumia pensheni. Miaka 31 halafu umpe saa ya ukutani na leso ya mama, hapana.

Msomaji_Usiku

Buda hiyo ya bahasha umesema kweli, hiyo ingine hapana.

Karani, mtafute Spurgeon. Huyo ni Mbaptisti wa London wachungaji wetu wanapenda kumtaja wakitaka kuonyesha wamesoma (na yeye mwenyewe hakuwahi kwenda chuo cha wachungaji, na hakutaka kuwekewa mikono). Alichukua kanisa 1854 akiwa na miaka 19 na akakaa nalo mpaka alipokufa 1892. Sasa sikia. Oktoba 19, 1856, kanisa limekuwa dogo kwa vile watu ni wengi, wamekodi ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, umejaa mpaka nje, mtu akapiga kelele moto! moto! na moto haukuwepo. Watu wakakanyagana, saba wakafa palepale. Yeye ndio alikuwa madhabahuni, kijana wa miaka 22, nyumbani ako na mapacha wa mwezi mmoja. Akatolewa hapo amebebwa. Alirudi kuhubiri baada ya kama wiki mbili lakini huzuni nzito ilikuwa inamrudia maisha yake yote, na baadaye ugonjwa wa gauti ukaongezea.

Sasa hakuficha. Alikuwa na chuo chake cha kufundisha wachungaji, na darasani aliwaambia hao vijana waziwazi kwamba mhubiri huzimia moyo, akawaonyesha mpaka ni saa gani inakuja, kwamba inaweza kukupata kabla ya kazi kubwa na pia ukishafanikiwa. Yaani aliwaambia vijana kabisa, haohao wazee wenu wanaogopa wasikie. Na kama komiti inataka andiko, wasome Zaburi ya 88 mpaka mstari wa mwisho waone inaishia wapi.

Zakayo_254

Swali la mtu wa nje, kwani komiti ndio huamua? Mimi ni Mkatoliki, kwetu paroko akihamishwa tunasikia tu kwa tangazo.

Msomaji_Usiku

@Zakayo_254 kwetu washirika ndio huita pasta na wao ndio hupiga kura, komiti ni watumishi tu hata kama wengine wamesahau 😂

BintiWaPasta

Mimi nimekulia nyumba ya pasta kwa hivyo wacha niseme. Jumamosi usiku baba alikuwa anapiga shati pasi mwenyewe, halafu anakaa kwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, hakipigi rangi, anakiangalia tu. Tulikuwa tunaambiwa msimsumbue anaandaa neno. Nikiwa mkubwa ndio nilijua kuna siku hakukuwa na neno lolote, na asubuhi alienda tu akasimama.

Lakini Karani nakuuliza, kwa hizo kurasa mbili mke wa pasta ako wapi? Huyo kijana alizikwa na watu wawili. Mke wa Spurgeon alikuwa mgonjwa miaka mingi, hata kutoka nyumbani ni shida, na 1875 akaanzisha mfuko wa kuwatumia wachungaji maskini vitabu, lakini ukisikia hadithi ni ya bwana tu. Rudi umuulize mama.

Karani_Eastlando

Nimerudi. @BintiWaPasta nilikuwa nimeandika mama kwa mstari mmoja, "akaoa", aki niliona aibu. Nikaenda jana, nikamkuta anachagua mchele, hakuacha. Akasema hiyo miaka minne yeye ndio alikuwa anaomba kwa sauti usiku ili mzee asikie mtu anaomba, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Nimeandika hivyohivyo.

Mzee naye akachukua kalamu akapiga mstari kwa ile sehemu ya "alijenga kanisa la mawe", akasema mawe yalinunuliwa na kina mama wa Jumanne kwa kuuza mandazi. Kwa hivyo hiyo nafasi nikaijaza na mama.

Komiti tena jana usiku. Wakaanza yaleyale. Halafu yule shemasi mzee, ndiye pasta humpa saa yake ashike kabla ya kuingia majini, na hata huwa haongei mikutanoni, akasema, "Nilijua. Hiyo miaka alikuwa akinipa saa mkono unatetemeka. Iachwe." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine, hakukuwa.

Imeenda River Road. Sasa mwenye anajua bei ya lori la maji huku Eastlands aniambie mapema, mzee anataka kubatiza watu tisa siku hiyo na mfereji umekauka, hii ni wiki ya pili.