Ukocha msaidizi wa tenisi vyuoni Marekani: nichukue nafasi ipi?

Kutoka: mwanachama, Kansas

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, mambo vipi.

Namaliza shahada ya uhasibu Mei hii, kwenye chuo kidogo cha NAIA (shirikisho la michezo la vyuo vidogo) hapa Kansas. Tenisi ndiyo iliyonileta nchi hii na ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya ada. Sasa nimepata nafasi mbili. Chuo kimoja cha Divisheni ya Pili ya NCAA, lile shirikisho kubwa la michezo ya vyuo, kinanitaka niwe kocha msaidizi huku nikisoma uzamili wa uongozi wa michezo. Ada wananisamehe na kila mwezi wananipa posho ndogo. Kingine ni cha Divisheni ya Kwanza, jina kubwa kweli, wanatafuta kocha msaidizi wa saa 25 kwa wiki, nitumie OPT yangu (kile kibali cha mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi baada ya kuhitimu). Nilipomuuliza kocha mkuu wa huko kuhusu visa baada ya hapo, alinijibu kwamba hayo tutayaona mbele ya safari.

Moyo unanivuta kwenye jina. Kuna aliyepita njia hii? Na kazi yenyewe ikoje siku hadi siku?

Kutoka: mwanachama, Georgia

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza.

Kazi hii naifanya mpaka leo, na nilianzia hapo hapo pa kusamehewa ada. Nitaanza na makaratasi, maana tenisi yenyewe unaijua.

OPT inataka kazi iendane na ulichosomea, na wewe umesomea uhasibu. Kumrekebisha mtoto wa watu bekhendi hakuhusiani na mizania ya kampuni, na ukiandika hivyo kwenye fomu utajitafutia matatizo. Kwa hiyo nafasi ya jina kubwa, kwa OPT uliyonayo, haifai tangu mwanzo, na kocha mkuu pengine hana habari. Wengi hawajui. Wanajua kupanga timu na kusaka wachezaji, uhamiaji ni wa ofisi nyingine. Usijibu barua pepe yao kabla hujakaa na mshauri wa wanafunzi wa kimataifa hapo chuoni kwako.

Ukichukua uzamili wa uongozi wa michezo, ukimaliza unapata OPT nyingine ya miezi 12 kwa ngazi hiyo, na hapo ukocha unaingia bila kulazimisha.

Baada ya hapo ni H-1B, visa ya kazi ambayo mwajiri ndiye anayekuombea. Habari njema ni kwamba vyuo havimo kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka. Chuo kinaweza kupeleka ombi mwezi wowote. Habari mbaya imejificha kwenye tangazo la kazi. Sheria inataka kazi inayohitaji shahada ya fani mahususi, na matangazo mengi ya ukocha yanasema shahada ya kwanza, fani yoyote. Maneno hayo mawili ya mwisho yameua maombi ya watu wazuri sana. Ndiyo maana nasema "mbele ya safari" si jibu. Tangazo huandikwa kabla hujaajiriwa, na anayekutaka kweli atakaa na ofisi ya ajira waliandike vizuri: uongozi wa michezo, sayansi ya mazoezi, au fani ya karibu.

Tena tangu Septemba 2025 kuna ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani. Aliyemo ndani na anabadilisha hadhi kutoka F-1 (visa ya mwanafunzi) haimgusi, lakini ukitoka nje ya nchi kabla ombi halijaamuliwa unaweza kuingizwa humo. Harusi ya nyumbani itabidi uitazame kwenye simu.

Sasa kazi yenyewe. Msimu wa vuli ni mashindano ya mtu mmoja mmoja, kuanzia Januari ni timu kwa timu mpaka Mei. Wachezaji wana kikomo cha mazoezi cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Kocha hana kikomo, na wale ambao kazi yao kuu ni kufundisha sheria inawahesabu kama walimu, kwa hiyo ovataimu usiitegemee. Asubuhi mazoezi ya wawili wawili, mchana timu nzima, jioni unahariri video, unaagiza chakula cha safari, unajaza fomu za kila mzazi uliyempigia simu. Katikati ya yote hayo kuna stoo yenye mashine ya kufunga nyuzi za raketi. Mpigaji mzuri anakata nyuzi za poliesta kila siku mbili tatu, kila mmoja na mkazo wake wa nyuzi, huyu ratili 50, yule 54, na ole wako umrudishie mtu raketi ya mwenzake usiku wa kuamkia mechi.

Siku ya mechi ndipo utakapojua kama kazi hii ni yako. Kwa Divisheni ya Kwanza wanaanza wawili wawili, mechi tatu za seti moja moja, timu iliyoshinda mbili inachukua pointi moja. Halafu sita za mmoja mmoja, kila moja pointi moja, wa kwanza kufika nne ameshinda. Hakuna advanteji, ikifika 40 kwa 40, mpira mmoja unaamua gemu. Mkuu mara nyingi anakaa na viwanja vya juu, vya wachezaji bora, wewe unaachiwa cha 4, 5 na 6. Na wachezaji wanaita mistari wao wenyewe. Basi fikiria binti wa mwaka wa kwanza, kiwanja cha 6, matokeo ni 3 kwa 3, macho ya wote yako kwake. Mpinzani ameuita mpira wake kuwa umetoka, nawe umeuona umegusa mstari. Anakugeukia, midomo inatetemeka. Unaruhusiwa kuongea naye kati ya pointi na pointi, yaani muda wa yeye kufuata taulo na kurudi. Hapo usimpe hotuba. Mwambie amwombe refa, halafu mwambie kitu kimoja cha kufanya: sevu ya nje, kisha apande wavuni. Ukimpa vitu viwili umempoteza.

Kuhusu jina la chuo, nitasema wazi. Kazi ya msaidizi inasimama juu ya mtu mmoja, naye ni kocha mkuu. Akifukuzwa, mgeni anakuja na wake. Na hela Divisheni ya Kwanza zimegeuka mkondo: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo, na fungu nono linaelekea futiboli ya Kimarekani na kikapu. Michezo midogo inahesabiwa kila senti. Hata kabla ya hapo Iowa walitangaza mwaka 2020 kuifuta tenisi ya wanaume, ya wanawake ikabaki. Kama kuna nafasi timu ya wanawake, usiidharau.

Kutoka: mwanachama, Minnesota

Mjomba nitasema ambalo hamtalipenda. Kijana ana shahada ya uhasibu mkononi, na ninyi mnamshauri akafunge nyuzi za raketi? Achukue OPT ya uhasibu, afanye kazi ofisini mwaka mmoja, aone rangi ya mshahara, kisha kama moyo bado uko uwanjani arudi uzamili. Sisi wengine tulibeba boksi tukiota nafasi kama hiyo. Na vijana wa tenisi waliobaki kwenye posho mpaka miaka thelathini na kitu nawafahamu.

Kutoka: mwanachama, Georgia

Mjomba, shikamoo. Hoja yako ina uzito na sitaipinga ovyo. Mshahara wa msaidizi ni mdogo, na mikataba mingine ni ya miezi tisa au kumi, kiangazi unakula kwa kambi za watoto. Asipotaka kukisia, vyuo vya serikali katika majimbo mengi vinaweka mishahara wazi. Aandike cheo na chuo mtandaoni aone mtu aliyekikalia kiti hicho alilipwa nini.

Ila ukocha nao una foleni. Ukitoka mwaka mzima, namba zinabadilika, wakuu wanahama, unaanza upya kujitambulisha. Na kijana wetu ana mtaji ambao Mmarekani hana. Zaidi ya nusu ya wachezaji wa tenisi wa Divisheni ya Kwanza wametoka nje ya nchi. Angella Okutoyi wa Kenya, bingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili 2022, alikwenda Auburn. Guy Orly Iradukunda wa Burundi alichezea Florida State. Kocha anayeweza kumpigia mzazi wa Nairobi au Bujumbura simu, akamweleza kwa lugha yake kwamba Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo na kwamba UTR (alama ya kiwango cha mchezaji) ya mtoto wake inatosha au haitoshi, huyo hafungi nyuzi muda mrefu.

Kutoka: mwanachama, Texas

Dada yenu muuguzi hapa. Mawili tu. Uliza bima kabla ya posho. Nafasi nyingi za uzamili zinakuacha ujilipie bima ya wanafunzi, na ikikatwa kwenye hiyo posho utabaki unakula tambi.

La pili, wazazi matajiri watakuomba umfundishe mtoto Jumapili, wakupe kesho yake bahasha. Ukiwa F-1 bila kibali hiyo ni kazi haramu, hata kama ni saa moja na hata kama kocha mkuu ndiye aliyekuunganisha. Kijana mmoja tunayesali naye lilimfikia hilo kwenye mahojiano ya visa.

Na mikeka uiache. NCAA inawakataza wafanyakazi wa michezo kubeti mchezo wowote unaochezwa chini yake, na soka imo. Kwa hiyo hata ule wa Arsenal wa Jumamosi, sahau.

Kutoka: mwanachama, Kansas

Asanteni sana dada zangu, na mjomba nimekusikia. Jana nimekaa na mshauri wa ofisi ya kimataifa, amesema hayo hayo neno kwa neno kuhusu OPT na uhasibu. Naelekea Divisheni ya Pili. Ijumaa nina simu na kocha mkuu wao. Nimuulize nini bila kuonekana msumbufu?

Kutoka: mwanachama, Georgia

Usiogope kuonekana msumbufu, anayeuliza mapema ndiye anayeaminiwa na gari. Na kwa kweli anza na gari: nani anaendesha timu safari za usiku? Vyuo vingine vinakodi basi, vingine vinamkabidhi msaidizi gari la watu 15 baada ya mechi. Kama ni wewe, uwe na leseni na uwe umepitishwa na bima ya chuo.

Muulize wasaidizi wake wawili waliopita wako wapi sasa. Akiwataja mara moja pamoja na vyuo vyao, huyo anawasukuma watu mbele. Akianza kukuna kichwa, mtafute mmoja wao umpigie mwenyewe.

Muulize saa. Kwa F-1 unaruhusiwa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na safari moja ya wikiendi inaweza kuzimaliza zote. Atakayekuambia fanya 35 uandike 20, hadhi itakayoharibika ni yako, si yake. Mtake akueleze wiki za mechi za mbali anazigawaje.

Na hili si la kocha: programu yako ikiisha Mei una siku 60 za kuhamisha rekodi ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) kwenda chuo kipya. Wape ofisi ya Kansas barua ya kukubaliwa mara tu itakapotoka, mchague tarehe ya kuhamisha, usingoje Julai wakati wafanyakazi nusu wako likizo.